Kichina kidato cha kwanza: faida ni ya nani?

Ukimwuliza mzazi wa Kampala kama mtoto wake ajifunze lugha ya kigeni, atakushangaa. Mtoto huyo tayari anasomea hesabu na sayansi kwa Kiingereza, na yeyote anayetaka kazi ya ofisini anajua hana njia nyingine. Ubishi ulioko sasa ni kuhusu lugha itakayofuata Kiingereza, na vipindi vya kuifundisha vitatoka wapi. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu viko katika shule za sekondari tangu zamani. Miaka ya karibuni Kichina nacho kimeingia. Mtaala mpya wa 2020 ukafanya Kiswahili kuwa lazima kidato cha kwanza na cha pili.

Wanaokitetea Kichina wana hoja nzito, nayo ni pesa. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 limejengwa na kampuni ya Kichina ya Sinohydro. Barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, yenye kilomita 51 na matawi yake, ilijengwa na Wachina kwa mkopo wa benki ya Kichina. Kwenye Ziwa Albert, kampuni ya Kichina ya CNOOC ndiyo inayoshughulikia mafuta ya Kingfisher. Kisha nenda Kikuubo, katikati ya Kampala, uangalie maboksi yanayoshushwa: vyombo, viatu, vifaa vya umeme, mengi yametoka China. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou bila lugha humlipa mkalimani, kisha hulipa tena kwa bei ambayo hakusikia ikijadiliwa. Hajui kama mkalimani ni wake au ni wa mwenye kiwanda. Kontena likifika na bidhaa tofauti na sampuli aliyoonyeshwa, atalalamika kwa nani, na kwa maneno gani? Anayeweza kusikiliza mwenyewe, hata nusunusu, ana nguvu ambayo mwenzake hana.

Hoja hiyo naikubali. Nisichokikubali ni kuifanya sababu ya kumfundisha Kichina mtoto wa miaka 13. Maandishi ya Kichina yanadai alama elfu kadhaa kabla mtu hajasoma gazeti kwa raha, na neno hubadilika maana kwa mpando na mshuko wa sauti. Kwa vipindi vichache kwa wiki, darasa likiwa limejaa, mwanafunzi atamaliza kidato cha nne akijua kusalimia, kuhesabu na kuimba wimbo mmoja kwenye sherehe ya shule. Mkataba hawezi kuusoma. Hata huyo mmoja atakayefanikiwa, asipokuwa na ujuzi mwingine atakuwa mkalimani kati ya msimamizi na vibarua, na kazi hiyo huisha mradi unapoisha. Mhandisi, mhasibu au mwanasheria anayejua Kichina ni habari nyingine kabisa: yeye anakaa mezani mkataba unapoandikwa. Kwa hiyo mahali pa Kichina ni vyuo vya ufundi, vitivo vya biashara na sheria, na Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Makerere, inayofundisha Kichina tangu 2014. Huko mtu anakuja mwenyewe, akijua anakitakia nini.

Kiarabu kina sura ya uchungu zaidi. Wasichana wengi wa Uganda wanakwenda Saudi Arabia na nchi jirani zake kufanya kazi za nyumbani. Uganda ilitia saini makubaliano na Saudi Arabia mwaka 2015, ikasimamisha safari mwaka uliofuata kwa sababu ya malalamiko ya mateso, kisha ikazifungua tena. Wapo wanaosema lugha ingewalinda. Kwa kiasi, ndiyo: anayejua kusema "naumwa", "sijalipwa" au "nipeleke polisi" si sawa na anayelia tu jikoni. Lakini mwajiri aliyefungia pasipoti kabatini hataitoa kwa kuwa mfanyakazi ametamka vizuri. Hapo inatakiwa serikali inayofuatilia, na mawakala wanaoogopa kufungiwa leseni. Lugha isigeuzwe kisingizio cha kumtupia msichana mzigo wa kujilinda.

Na simu je? Google iliongeza Luganda kwenye huduma yake ya tafsiri mwaka 2022, na vijana wengi wanasema kujifunza lugha ni kupoteza muda. Kwa kuuliza bei au njia, wana haki. Kwa kudai deni au kumshawishi mtu asiyekuamini, bado.

Kiswahili sasa. (Sisi tunaokizungumza huku Uganda tusijifanye mahakimu wasio na upande.) Kwa Waganda wengi bado ni lugha ya kigeni, na wana sababu. Kilifika mapema: msafiri wa Kizungu Stanley alipofika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza mwaka 1875 alikuta ikulu inayokielewa. Lakini Gowers, gavana wa Kiingereza, alipotaka kukipa nafasi kubwa mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia kwamba Luganda itafifia. Kisha kikawa lugha ya kambi za jeshi, na Idi Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kupitia mdomo wa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mzee wa Buganda akikunja uso ukimsemesha Kiswahili, usimwone mshamba.

Hata hivyo, tukipima faida kwa saa zinazotumika, sioni cha kushindana nacho. Mtoto anayesema Luganda, Runyankore au Lusoga anakuta ngeli na viambishi anavyovijua nyumbani. Mwenzake wa Acholi au Lango, ambaye lugha yake si ya Kibantu, atahangaika zaidi, jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hatulisemi. Wanunuzi wapo karibu: Wakongo wanaovuka Mpondwe na Bunagana, madereva wa malori Malaba na Busia, wakimbizi Nakivale na Kyangwali. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Tanga. Kifaransa kitamsaidia anayeshughulika na ofisi za Kinshasa. Sokoni Beni na Bunia, Kiswahili kinatosha.

Tatizo ni namna tunavyokifundisha. Baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kiwe lazima msingi na sekondari, wakati walimu hawatoshi. Katika hali hiyo mkuu wa shule humpa kipindi mwalimu yeyote aliyewahi kuishi Nairobi, au hukiacha kwenye ratiba bila kufundishwa. Kabla ya kutafuta walimu wa Kichina wa kidato cha kwanza, fedha hizo zingelipia mafunzo ya walimu wa Kiswahili, kuanzia wilaya za mpakani ambako mtoto anaweza kukitumia jioni ileile. Na alama nyingi za mtihani zitolewe kwa kuzungumza.