Mnaouza Prana, Kaleni Kwanza

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa mazoezi lilirushwa tangazo la semina ya wikendi: jifunze kuishi kwa prana, yaani ile nguvu ya uhai inayosemwa kuwa imo kwenye pumzi. Eti ukishajua kuivuta ya kutosha kutoka hewani na kwenye jua, chakula kinageuka anasa, unakipunguza kidogo kidogo mpaka unaachana nacho. Ada yake ingelisha ukoo mzima siku ya Idi. Nilijibu kwa kikaragosi kimoja tu cha kicheko, msimamizi akanionya kwamba nina "mtetemo wa chini". Haya, nimekuja kutetemea huku.

Upuuzi naweza kuuvumilia. Ila tangazo lilisema hayo ni mafundisho ya kale ya India, na hapo ndipo damu iliponichemka, maana mafundisho yenyewe yapo, yameandikwa, na anayetaka anayasoma.

Chukua Chandogya, mojawapo ya Upanishadi kongwe kabisa, vile vitabu vya kale vya falsafa ya Kihindu. Kijana Shvetaketu amerudi nyumbani baada ya miaka 12 ya kusoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kiburi kimemjaa. Baba yake, Uddalaka, anampa mtihani: usile siku 15, ila maji kunywa utakavyo, kwa sababu prana hutokana na maji, na anayekunywa haimkatikii. Kijana anashika sharti. Muda ukiisha, baba anamwambia, haya nisomee Veda tatu: Rig, Yajur na Saman. Hakumbuki kitu. Veda zile zile za miaka 12! Baba anamweleza kwamba katika moto wake mkubwa kimebaki kijinga kimoja, ukubwa wa kimulimuli, na kijinga hicho hakiwezi kuunguza chochote. Nenda ukale. Akala, akarudi, akajibu kila alichoulizwa. Somo alilopewa ni kwamba akili hutokana na chakula, prana hutokana na maji, usemi hutokana na joto.

Yaani watu hao hao mnaowasingizia walishaifikiria njaa, wakaipima kwa mtoto wao wa kumzaa, na jibu walilopata ni "nenda ukale".

Hamjatosheka? Taittiriya Upanishadi inamwekea mtafutaji nadhiri ya kutokidharau chakula, kisha inaongeza kwamba prana yenyewe ni chakula. Mwili uliojengwa kwa chakula ndio tabaka la kwanza la mtu, na tabaka la prana linakaa ndani yake. Halafu kuna zile pumzi tano, prana, apana, samana, udana na vyana, ambazo kila mwalimu wa yoga huzitaja akitaka kuonekana msomi. Samana kazi yake ni kukigawa mwilini chakula kilicholiwa. Sasa mkishaacha kula, samana mnamwachisha kazi kwa kosa gani?

Na msiniambie habari za huko Australia. Yule mama anayejiita Jasmuheen, aliyetamba duniani kwamba hahitaji chakula, alikubali mwaka 1999 kuchunguzwa na kipindi cha televisheni cha 60 Minutes. Kwanza alilalamika kwamba hoteli iko karibu na barabara yenye moshi, akahamishiwa mlimani kwenye hewa safi. Siku ya nne daktari aliamuru zoezi lisimame: mwili ulikuwa umekauka maji na mapigo ya moyo yamepanda. Yeye alirudi kwake. Baadhi ya waliofuata mafundisho yake hawakurudi. Walikufa, na wakazikwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "kila mtu na imani yake", sina simile hiyo. Hapa mtaani wapo wanaolala na njaa kila wiki bila kulipia semina, na sijaona hata mmoja anayeng'aa.

Nakubali, shingo upande, kwamba vitabu vya zamani navyo vina mambo yake. Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, kitabu cha msingi cha yoga, anasema katika sura ya tatu kwamba ukiituliza akili kwenye shimo la koo, njaa na kiu vinatoweka. Limeandikwa, silifichi. Lakini sura hiyo hiyo inaonya kwamba uwezo wa namna hiyo ni kikwazo kwa anayetafuta utulivu wa kweli, na wala hakusema anayeufikia afungue duka.

Nakubali pia kwamba pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, inasaidia. Pumzi ikienda taratibu, moyo nao unapoa. Mimi mwenyewe huifanya kila nikitoka kwenye foleni ya Ubungo, la sivyo ningeshakamatwa. Ila ile ganzi ya vidole na kizunguzungu mnachopata mkihema kwa kasi, mnayoambiwa ni prana inaamka, ni kaboni dayoksaidi iliyopungua kwenye damu, basi. Simama, hema polepole, itaondoka.

Wenye yoga ya pumzi walilijua hili la hatari. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinasema pumzi hufugwa taratibu kama simba, tembo au chui milia, na ikiharakishwa humuua mwenyewe anayeifuga. Kitabu hicho hicho kinamkataza anayeanza yoga kufunga chakula! Kinamtaka ale, aache robo ya tumbo wazi, kisha kinataja na vyakula vinavyofaa: ngano, mchele, shayiri, maziwa, samli, asali, tangawizi kavu, choroko.

Choroko, jamani. Anayetaka kunibishia asinitumie video. Anitumie aya, na jina la kitabu ilimo.