Mafunzo ya sheria ya habari yaanzie kituo cha polisi

Wapo wanaotaka mawakili wafundishwe sheria ya habari, na wana sababu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 30, unampa mwananchi miezi miwili tu ya kupeleka sheria au uamuzi wa serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ikipita, shauri linatupwa hata kama dhuluma iko wazi. Wakili asiyelijua hilo atasubiri kwanza kesi ya nyumbani iishe, ndipo afunge safari, na atakuta ameshampotezea mteja wake haki.

Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu hawakulala: shauri lao likasajiliwa kuwa namba 2 la mwaka 2017. Tarehe 28 Machi 2019 majaji wakasema vifungu kadhaa, vikiwamo vya kashfa ya jinai na uchochezi, vinakiuka Mkataba. Mwaka 2023 Bunge likairekebisha sheria hiyo na kuiondoa kashfa katika makosa ya jinai. Hukumu ile haikufanya kazi hiyo peke yake, maana wadau wa habari walipiga kelele miaka mingi. Lakini bila mawakili waliojua njia ya Arusha, kelele zile zisingekuwa na hukumu ya kushikilia.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka mawakili wafundishwe sheria ya habari, nami naiunga mkono. Uhuru wa maoni una hoja zake ambazo haziotwi usingizini. Kizuizi chochote hupimwa kwa maswali matatu: kimewekwa na sheria iliyo wazi? Kina lengo halali? Ni cha lazima, na adhabu yake inalingana na kosa? Kwa maswali hayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa ushindi Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika kuhusu mwendesha mashtaka, katika hukumu ya Desemba 2014. Uganda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo mwaka 2004. Kenya, kashfa ya jinai ikaangushwa Mahakama Kuu mwaka 2017. Wakili aliyezisoma hukumu hizi anasimama mbele ya jaji akiwa na cha kusema zaidi ya kuomba huruma.

Upande wa pili nao una uzito, na wanaoandaa mafunzo wangeusikiliza kwa makini. Julai 2019 Erick Kabendera, mwandishi wa habari za uchunguzi, alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Mwanzo aliulizwa habari za uraia. Kisha akafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya uhalifu wa magenge, kukwepa kodi na utakatishaji fedha, na utakatishaji hauna dhamana. Alikaa mahabusu hadi Februari 2020, alipotoka baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Katika hati ya mashtaka hapakuwa na neno juu ya alichoandika. Maswali matatu ya uhuru wa maoni ungeyaingizia wapi? Aliyehitajika pale ni wakili wa jinai aliyekomaa, anayejua upelelezi unavyovutwa na namna ya kuubana.

Mlango wa nyumbani nao umepunguzwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua shauri la haki za msingi Mahakama Kuu lazima aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa hiyo wakili aliyefundishwa kesi za kimkakati, yaani zile za kubadili sheria kwa manufaa ya wengi, anarudi ofisini na kukuta kwanza anahitaji mtu aliyeumia, aliye tayari kuweka jina lake.

Je, mafunzo ni kazi bure? Hapana. Tatizo ni mahali yanapoanzia. Mara nyingi yanaanza na mikataba ya kimataifa, ndani ya ukumbi wa hoteli, kwa mawakili walewale wa mjini. Mwandishi wa redio ya jamii wilayani hakamatwi na mkataba. Anakamatwa Ijumaa jioni, simu yake inachukuliwa, anaambiwa ataje nywila. Hapo wakili anatakiwa ajue Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa vidole vyake: muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne, na ndani ya saa 24 mtu afikishwe mahakamani. Ajue pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinatoa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu kwa habari za uongo. Na ajue kudai hati ya vitu vilivyochukuliwa kabla hajatoka mlangoni.

Kuna lugha pia. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania, lakini hoja za uhuru wa maoni bado tunazimeza kwa Kiingereza na kuzitema hivyohivyo. Ukimwambia hakimu wa wilaya kwamba adhabu "haina uwiano na kosa", anakuelewa na ataiandika kwenye mwenendo wa shauri.

Wapo wanaolalamika kwamba mafunzo haya yanawaandaa mawakili wa upande mmoja, ilhali mtu aliyechafuliwa jina na gazeti naye ana haki. Ni kweli, na dawa yake ni kuwaweka darasa moja wakili wa mwandishi, wakili wa aliyekashifiwa, mwendesha mashtaka na hakimu, wapewe faili moja la kubuni, kila mmoja aandike hoja zake kwa Kiswahili, na wa kwanza kuitwa awe yule wa wilayani ambaye kituo cha polisi kinamjua kwa jina.