Lava ya Buhene: je, muujiza wenye maelezo si muujiza tena?

Alfajiri ya Jumapili tarehe 23 Mei 2021, siku ya Pentekoste, lava ya volkano ya Nyiragongo ilikuwa imesimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Wengi tulisema: Mungu ameuzuia moto. Wataalamu wa volkano wanaeleza kwamba nyufa za ubavuni mwa mlima ziliacha kutoa lava, na lava isiyosukumwa kutoka nyuma hupoa. Je, anayekubali maelezo hayo bado anaamini muujiza?

Wanaojibu hapana wana hoja nzito. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure; yaani bila tendo la Mungu mwenyewe, imani haina msingi. Rudolf Bultmann, mwanateolojia Mjerumani, alidai mwaka 1941 kuwa mtu anayetumia umeme na redio hawezi tena kuamini mapepo na miujiza ya Agano Jipya. Hapa Goma tunashika simu mkono mmoja na kuwaombea wagonjwa kwa mkono mwingine, kwa hiyo dai lake halinishawishi.

Lakini ndugu anayemshukuru Mungu huku akikubali habari ya nyufa anaitwa mwenye imani nusu, na huko ni kumwonea. Tusome Kutoka 14:21. Bwana aliirudisha bahari nyuma kwa upepo mkali wa mashariki, usiku kucha. Mwandishi anataja upepo, anataja ulikotoka, anataja hata muda uliovuma, wala haoni kwamba amempunguzia Mungu kitu. Usiku kucha! Aliyekuwa ufukweni aliuhisi usoni. Kilichomfanya Mwisraeli aimbe ng'ambo ya pili ni kwamba upepo ule ulivuma saa ile, Farao akiwa nyuma yao. Chanzo chake hakikumsumbua.

Tukimweka Mungu pale tu maelezo yanapokosekana, basi kila chombo kipya cha OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, kitakuwa kinamfukuza. Tena watu takriban 30 walikufa katika mlipuko ule, na mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Anayeifanya lava ya Buhene kuwa ushahidi wa Mungu atawaambia nini waliofiwa?

Ufufuo ni jambo jingine. Hakuna Injili inayotaja upepo wala dawa iliyomrudishia Yesu uhai. Hapo nasimama na Paulo bila kusita: ukiondoa tendo la Mungu mwenyewe, kinachobaki ni mafundisho mazuri ya mtu aliyeuawa. Ila mzigo huo ni wa kaburi lile moja, na Buhene haiwezi kuubeba. Mkristo wa Majengo, mtaa wa Goma, aliyemshukuru Mungu Jumapili ile, kisha Alhamisi ya tarehe 27 akafunga mizigo kuelekea mji jirani wa Sake kwa sababu wataalamu walihofia mlipuko mwingine, hakukana neno hata moja la Kanuni ya Imani.