Haihusiani na kada yake

Maneno hayo yaliandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni mwa barua yangu. Nilikuwa karani wa masijala katika chuo kikuu kimoja huko nyumbani Tanzania, na niliomba ruhusa ya kuhudhuria somo la historia, saa mbili kwa wiki, jioni, baada ya kazi. Barua ikapitia kwa mkuu wa idara kama utaratibu unavyotaka, ikafika utumishi, ikarudi. Nikaitoboa na kuiweka kwenye faili langu kwa mikono yangu mwenyewe, maana kupanga mafaili ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Huu ni mwaka wa sita niko Minnesota, Marekani. Kazi yangu ni ileile, kumbukumbu za wanafunzi, katika chuo kikuu cha umma. Hapa mfanyakazi akishamaliza muda wa majaribio anajaza fomu, anakubaliana na mkuu wake juu ya muda, kisha anasoma. Ada anasamehewa, yote au sehemu kubwa. Akisoma shahada ya kwanza, hata sheria ya kodi ya Marekani haiuhesabu msamaha huo kuwa mshahara. Tangu nianze hakuna aliyeniuliza somo la falsafa linamsaidia nini karani.

Darasa langu la kwanza lilikuwa la fasihi. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, fundi wa mitambo ya kupasha joto majengo. Kila akiingia hufungua shada la funguo kiunoni, akaliweka mezani taratibu lisipige kelele, ndipo akafungua kitabu. Tulikuwa tunasoma The Merchant of Venice, mchezo wa Shakespeare ambamo mkopeshaji Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake. Vijana walibishana sana kuhusu ratili hiyo ya nyama na ujanja wa Portia, mwanamke anayejifanya mwanasheria pale mahakamani. Yule mzee akanyoosha mkono na kuuliza: mbona mahakama nzima hakuna aliyemuuliza Shylock habari za binti yake aliyetoroshwa? Mwalimu alinyamaza kidogo. Kipindi kizima kilichobaki kikawa cha swali hilo.

Nami nikakumbuka kijana mmoja, zamani, dirishani kwangu. Alileta barua ya kuahirisha masomo. Baba yake amefariki, mazishi mbali, wadogo zake watatu wanamtegemea. Barua haikuwa na K.K., yaani "kupitia kwa", haikupitia kwa mkuu wa idara yake. Nikamrudishia. Sikusoma zaidi ya kichwa cha barua na mahali pa mhuri, kwa sababu hivyo tu ndivyo nilivyofundishwa kusoma. Sijui aliishia wapi. Semina za utunzaji wa kumbukumbu nilihudhuria kadhaa, nazo ni muhimu, lakini hakuna hata moja iliyonifanya nijiulize nilimtendea nini yule kijana. Swali la fundi wa mitambo lilinifanya nijiulize.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili si geni kwetu. Mchezo huohuo tulikuwa nao nyumbani, kabatini kwa baba, umepoteza jalada: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka 1969. Rais ana nchi changa mkononi, Azimio la Arusha limetangazwa miaka miwili tu nyuma, na bado alipata muda wa kukaa na Shakespeare ili Mswahili asome kwa lugha yake. Mwaka uliofuata, 1970, ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hakuna aliyemwambia mkulima kwamba kusoma hakuhusiani na kada yake.

Leo tunacho Chuo Kikuu Huria, kinachopokea wanafunzi tangu 1994, na kimewainua wafanyakazi wengi. Ila wenzangu niliowaona wakijiandikisha walichagua uhasibu, ugavi au utumishi, wapande daraja. Siwalaumu, mshahara ni mshahara. Masomo ya insia, yaani historia, fasihi, falsafa, hayakuwa na mahali katika muundo wa utumishi, basi hayakuwa na mahali katika maisha yao.

Huku nako si peponi. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kilipitisha kufuta programu 28, na lugha za kigeni ziliumia vibaya. Lakini mlango wa mfanyakazi bado uko wazi sehemu nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alihitimu mwaka 2012 mfanya usafi aitwaye Gac Filipaj, mhamiaji kutoka iliyokuwa Yugoslavia, umri miaka 52, shahada ya Kigiriki na Kilatini, huku akiendelea kusafisha vyoo na kumwaga takataka za chuo hichohicho.

Ninachoomba vyuo vya nyumbani ni kidogo mno. Mwalimu yupo, taa zinawaka, kiti cha nyuma kiko wazi. Mruhusuni karani, dereva, mpishi wa kantini aingie akae, hata bila cheti. Pale kazini kwangu kulikuwa na mlinzi wa zamu ya jioni aliyezoea kusimama nje ya dirisha la ukumbi wa mihadhara, rungu kwapani, akisikiliza historia ya Maji Maji mpaka mwisho. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia aingie, nami sikumwambia.

Dada tuliyekuwa tukikaa naye meza moja bado yuko masijala. Msimu wa udahili huingia kazini hata Jumamosi. Kiangazi hiki, huku ikiwa saa mbili asubuhi na kwao saa kumi jioni, tunapigiana simu tukasoma Mabepari wa Venisi kwa zamu, kurasa tatu tatu. Jumamosi iliyopita tulifika mahakamani. Akanikatiza: "Subiri kidogo, mdogo wangu, nimwite mzee wa getini." Nikasikia kiti kinavutwa.