Mjane Aliyetunzwa

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu natunga nyimbo. Akiuliza namtungia nani, namwambia akae kwanza. Nimetungia vikundi vya taarabu, kwaya mbili, kampeni ya vyandarua, na duka la rangi za nyumba ambalo tangazo lake mpwa wangu huniimbia akitaka kunikera. Kwenye maigizo natunga, napiga kinanda na, gari likifika, nashusha spika. Najitegemea: bosi ni mimi, na bosi mwenyewe hajawahi kunilipa kwa wakati.

Kwenye taarabu mambo ni hivi. Unapeleka shairi, unalipwa mara moja, mnaagana. Mwimbaji anapanda nalo jukwaani, wanawake wanainuka na kanga zao, wanacheza taratibu hadi mbele, wanamtunza. Noti mkononi, noti kifuani, noti kwenye paji la uso kama jasho linatosha kuishika. Wewe mtunzi uko mlangoni unasubiri nauli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nimeisoma. Haina neno kuhusu paji la uso.

Kwa hiyo mwongozaji mmoja aliponiita kwenye igizo la mjane anayenyang'anywa mali na shemeji zake, nilikubali haraka. Kwenye igizo hakuna kutunzana. Tungekuwa maskini sote, sawasawa.

Mwongozaji alikuwa msomi, na alikuwa na kitu alichokiita ukuta wa nne. Alituchorea kwa chaki sakafuni: kuta tatu za nyumba ya mjane, na wa nne, usioonekana, kati yetu na watazamaji. "Hao wanachungulia tu," alisema. "Kwenu ninyi hawapo. Msiwaone, msiwasikie." Akataka na wimbo wa huzuni "wenye asili". Mimi asili yangu naijua moja. Nikashusha taarabu, mizani 16, nane kwa nane, vina kati na mwisho:

Mume wangu kafukiwa, na nyumba wameitwaa,
Kila changu chatwaliwa, hata jungu la dagaa.

Na kiitikio: Mjane sina wa kwangu, nimebakiwa na njaa.

Mazoezini Dar es Salaam kila mtu alilia. Mwongozaji alivua miwani. Onesho la kwanza likapangwa Tanga.

Hapo ilinipasa kusema kitu, nikanyamaza. Tanga ndiko kwao vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ndiko alikoimba Shakila. Watu wa Tanga taarabu hawaichungulii.

Ukumbi ulikuwa mdogo, Ngamiani, umejaa hadi madirishani. Mjane wetu, dada aliyewahi kuimba kwenye kikundi cha taarabu kabla ya kuingia kwenye maigizo, alikuwa hajala kitu. Njiani, Segera, wenzake waliposhuka kununua mahindi yeye alibaki kwenye basi, eti njaa ya kweli itamsaidia jukwaani. Pazia likafunguka, nikabonyeza kinanda, akaanza. Kimya. Nikasema moyoni, ukuta umesimama.

Alipofika "kila changu chatwaliwa" akainuka mama mmoja wa safu ya tatu. Kanga mbili, moja kiunoni. Hakuwa na haraka. Alikuja akichezesha mabega, na macho yake wala hayakuwa kwa mjane. Yalikuwa kwa mwanamke wa safu ya tano aliyejaa dhahabu. Baadaye niliambiwa ni wifi yake, na kuna suala la nyumba. Mama akauvuka ukuta wa nne kama anayeingia jikoni kwake, akabandika 2,000 kwenye paji la mjane, akageuka, akamtazama wifi kwa kituo, akarudi zake.

Wifi hangeweza kubaki kitini. Kwenye taarabu ukikaa, maana yake fumbo limekupata. Akainuka na 5,000. Mama akarudi na msimbazi, noti ya 10,000. Simba, kifaru, tembo wa kwenye noti: mbuga nzima ikahamia usoni mwa mjane. Vigelegele vikapigwa, na mimi, Mungu anisamehe, vidole vikarudi vyenyewe kwenye kiitikio. Tulikirudia mara tisa. Nyuma ya pazia mwongozaji alikuwa ananionesha ishara ya kukata shingo. Sikuelewa kama ni ya wimbo au ya kwangu.

Mjane alijitahidi. Alilia kama alivyofundishwa. Lakini kila akipokea noti magoti yalipinda yenyewe na mdomo ukatoa "ahsante, dada". Wimbo ulipokwisha, pindo la nguo yake ya eda lilikuwa limejaa.

Ikaja sehemu ya pili. Shemeji mkatili anaingia kudai kodi. Kijana wa watu alikuwa uani, amefumba macho, anajitafutia ukatili. Hakuona lolote. Akaingia kwa kishindo: "Huna hata shilingi mia, wewe!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Msimbazi ulikuwa bado uko pajini. Shemeji akamtazama tembo, tembo akamtazama shemeji.

"Mlipe aondoke zake!" mtu akapaza sauti.

"Asimlipe! Risiti kwanza!"

Mjane alitakiwa kupiga magoti na kuomba. Akaangalia pindo la nguo, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ni kiasi gani?" Shemeji akakodoa macho. Kiasi hakikuwa kimeandikwa.

Sehemu ya tatu mjane hufa kwa njaa. Hatukufika huko. Bibi mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa akimsikitikia tangu mwanzo, alipanda jukwaani na mfuko wa visheti. "Kula kwanza, mwanangu. Haya ya nyumba yatazungumzwa." Dada yule akala. Pazia lilifungwa akiwa anatafuna.

Usiku, nyumba ya wageni, tukahesabu. Viingilio shilingi 110,000. Tunzo shilingi 186,000. Mwongozaji akasema zote ni mapato ya igizo. Mjane akasema desturi ni desturi, za kutunzwa ni za mwimbaji. Mimi nikasema jamani, kilichowainua wale ni maneno. Dada akanitazama kwa huruma kabisa. "Kaka, maneno ni ya mjane. Mjane hapa ni nani?"

Nilipewa msimbazi mmoja, bado una unyevunyevu, na visheti vilivyobaki.

Asubuhi, stendi ya Kange, simu ikaita. Ni wifi, namba kaipata kwa mlinzi wa ukumbi. "Ndiwe mtunzi? Nataka jibu. Beti nne, na dhahabu uitaje." Nikamtajia bei, malipo kabla. Hakubisha. Kabla basi halijatoka mlio wa muamala ukasikika.

Tulipokaribia Segera simu ikaita tena. Mama wa kanga mbili. Amesikia wifi yake anatungiwa, naye anataka jibu la jibu. Huyo nilimtoza zaidi, maana ilibidi kwanza nilimalize jibu la mwenzake ndipo tujue yeye anajibu nini.