Midomo kwenye Kola

Nyumba yenye watu 12 haina nguo za mtu, ina nguo za nyumba. Unaanika soksi zako, anaanua mwingine, anavaa wa tatu, na ukiuliza unaambiwa una roho mbaya. Soksi nyeusi ndizo zilizokaribia kuvunja undugu: zote zimelegea mpira, na kila mmoja anaapa anazijua zake kwa harufu.

Dada yetu mkubwa, anayependa mpangilio kuliko anavyotupenda sisi, akaja na dawa: kila mtu apewe uzi wa rangi yake, ushonwe ndani ya kola au kiunoni. Mama kijani, mimi buluu, mdogo wangu akapewa waridi akanuna. Rangi zilipoisha, Baba na Babu wakachangia nyekundu. Hakuna wa kuwachanganya. Shati moja la Babu linaingia akina Baba wawili.

Uzi wenyewe ulikuwa masalia ya kikapu cha Bibi cha kufumia, wa rangi isiyoshika. Na mashati meupe kwetu hulowekwa kwa maji ya moto, kwa amri ya Mama. Nikaloweka, nikafikicha, nikasuuza, nikaanika. Kumbe yale maji yameshailegeza rangi, na shati linavyokaukia kambani yenyewe inatambaa polepole kutoka ndani ya kola kuja nje. Usiku nikapiga pasi kwenye taa hafifu. Doa la rangi likishapigwa pasi, hilo limeshahamia na vyombo vyake.

Asubuhi Mama anamweka Baba kola sawa, mkono ukagoma njiani.

“Baba watoto, hii nini?”

Michirizi miwili ilikuwa imekutana pembeni na kuacha upenyo katikati. Mdomo kabisa. Tena mdomo mnene, wa mtu aliyebusu bila haraka.

“Shati limetoka kabatini sasa hivi,” Baba akajitetea. “Limefuliwa!”

“Ndiyo ninachoshangaa. Limefuliwa, limepigwa pasi, na bado ipo. Huyo mwenzangu anapaka rangi ya gharama.”

Nikasema ni uzi. Nikaambiwa nisimtetee baba yangu. Dada, mwenye mradi wake, alikuwa anapiga mswaki; akaendelea kupiga mswaki kwa bidii ambayo meno yake hayajawahi kuiona. Mama akafungua kabati, akatoa mashati mengine meupe, moja moja, anayatandaza kitandani. Kila kola na mdomo wake. Baba akakaa chini, nadhani na yeye alishaanza kujitilia shaka.

Ndipo Babu akatoka chumbani na mkongojo wake, shati jeupe, anauliza kelele za nini. Kwenye kola: mdomo.

Bibi akaweka kikombe chini. Akamtazama kuanzia kandambili hadi upara.

“Mzee, na magoti hayo?”

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. Mashati ya Baba yalihitaji dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na siku nzima ndani ya beseni. Dada akafumua nyuzi zote huku akisimangwa, na soksi zikarudi kwenye vita yake.

La Babu halijafuliwa mpaka leo. Kila nikilifuata ananiambia bado safi, na wageni wakija ndilo analovaa, kola kaisimamisha.