Sanamu za Strand ziachwe zilivyo

Ukipita mtaa wa Strand jijini London, pale kwenye kona ya Agar Street, inua macho utazame jengo la ubalozi wa Zimbabwe. Juu, kati ya madirisha, zimepangwa sanamu 18 za watu walio uchi, kila moja kubwa kuliko mtu wa kawaida. Nyuso zimekatwa, mikono nayo imekatwa. Mgeni hudhani ni uchakavu wa jiwe. Sivyo: zilikatwa kwa makusudi, na kuna wazo la kuzichonga upya.

Jacob Epstein alizichonga mwaka 1907 na 1908, jengo likiwa la chama cha madaktari wa Uingereza, na msanifu wake akiwa Charles Holden. Zilionyesha hatua za maisha ya binadamu, ujauzito na uzee vikiwemo. Magazeti yalichachamaa. Watetezi wa maadili, ambao ofisi yao ilitazamana na jengo hilo, walitaka ziondolewe (sijui nani aliwalazimisha kusimama dirishani). Madaktari hawakutishika, na sanamu zikabaki.

Mwaka 1935 serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ililinunua jengo, nayo haikuzitaka. Wasanii wakaja juu. Mchoraji Walter Sickert alijiuzulu Royal Academy, taasisi kuu ya wasanii wa Uingereza, kwa sababu rais wake alikataa kutia saini barua ya kuzitetea. Kisha mwaka 1937 kipande cha jiwe kikaanguka. Wenye jengo wakapata walichokikosa: sababu isiyobishika. Kila kilichochomoza kikakatwa, vichwa na sehemu za siri pamoja.

Nakubali, hewa chafu ya London ilikuwa imelila jiwe hilo, na hatari ilikuwepo. Lakini Epstein alikuwa hai, mjini humohumo, akipinga waziwazi. Jiwe bovu hutibiwa vipande kwa vipande. Pale walikata kama wanaopogoa mti. Kwangu, maadili yaliyoshindwa mwaka 1908 yalirudi yamevaa koti la usalama.

Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kuzichonga upya. Picha za zamani zipo, lakini uso mpya utakuwa kazi ya mkono mwingine, na utafuta ushahidi wa kilichotendeka. Zimbabwe ililirithi jengo likiwa tayari na makovu hayo, haidaiwi nyuso. Fedha zikipatikana, zitumike kuzuia mvua isile viwiliwili vilivyosalia.